Bomba la Dawa Mjini Lubumbashi: Kutoka Bustani za Matofaa hadi Kuta za Kambi

Unyunyiziaji wa dawa za kuua wadudu, yaani kuigawa dawa ya maji au ya unga katika chembe ndogo ili ienee juu ya jani, ukuta au maji yaliyotuama, ni ufundi ulioingia Lubumbashi ukiwa umekwisha kukomaa mahali pengine, na sehemu kubwa ya kukomaa huko ilifanyika katika bustani za matofaa za Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Jambo hilo halionekani kwa wepesi, kwa kuwa Haut-Katanga, jimbo la mji huo, haina bustani za matofaa: mti huo hutaka majuma mengi ya baridi ndipo macho yake yachipue kwa pamoja, nao uwanda wa Lubumbashi, ulio kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hupata usiku wa baridi mwezi wa Juni na Julai pasipo kupata majira ya baridi yenyewe. Katika Afrika ya Mashariki tofaa limekubali kukaa kwenye nyanda za juu, kama kule Njombe nchini Tanzania. Hata hivyo dawa kadhaa zilizofika katika mji wa shaba kupigana na mbu, na mabomba yaliyozibeba, zilianza maisha yao dhidi ya wadudu wa matunda na viazi, na tatizo lililowasumbua wenye bustani tangu mwanzo ndilo hilo hilo lililowakuta baadaye madaktari wa Katanga na, baada yao, wakulima wa mahindi: mdudu hujificha, na dawa ni lazima imfikie kabla hajaingia maficho yake.

Mdudu aliyewafunza wakulima wa matofaa somo hilo ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu ambaye wataalamu humwita Cydia pomonella. Nondo huyu hutaga mayai juu ya majani na matunda machanga, na kiwavi anapoanguliwa hutembea kwa muda mfupi tu kabla ya kutoboa tunda, mara nyingi kupitia kile kikombe kidogo kinachobaki upande wa chini wa tofaa baada ya petali za ua kupukutika. Akishaingia, hakuna dawa ya kunyunyizia itakayompata; atakula mbegu kwa raha zake mpaka atakapotoka mwenyewe. Katika miaka ya 1870 wakulima wa Marekani walianza kutumia kijani cha Paris, ambacho ni rangi ya kupakia iliyotengenezwa kwa shaba na aseniki, sumu iliyokuwa imekwisha kuonyesha nguvu zake dhidi ya mbawakawa wa viazi, wakaichanganya na maji na kuirushia miti yao. Mwaka 1892, katika jimbo la Massachusetts, ilitengenezwa asenati ya risasi kwa ajili ya nondo mwingine aliyekuwa akimaliza majani ya misitu, na kwa kuwa dawa hiyo ilishika vizuri zaidi na kuunguza majani kidogo zaidi, ikawa tegemeo la bustani za matofaa kwa nusu karne. Mkulima alifundishwa kupiga dawa petali zinapoanguka, kwa shinikizo kubwa na kutoka juu, ili tone liingie ndani ya kikombe kabla hakijafunga.

Vyombo navyo vilikua sambamba na dawa. Nchini Ufaransa, baada ya Alexis Millardet kutangaza mwaka 1885 kwamba mrututu uliochanganywa na chokaa huzuia ukungu wa mizabibu, mafundi wa huko, Victor Vermorel akiwa mashuhuri miongoni mwao, walieneza bomba la kubebwa mgongoni, lenye tanki la shaba, mkono wa kusukuma na ncha inayolivunja tone kuwa mvuke mzito. Huko California, John Bean alibuni mnamo 1884 bomba lenye kutoa dawa bila kukatika, kwa ajili ya kupambana na wadudu gamba wa San Jose, ambao hung'ang'ania gome la mti na kunyonya utomvu wake. Mrututu ni chumvi ya shaba, na msomaji wa Katanga anaweza kutabasamu kidogo kwamba madini yaliyoujenga mji wake yalikuwa tayari yakimwagwa kwa tani juu ya mashamba ya Ulaya kabla reli haijafika mtoni Lubumbashi.

Bustani hizo hizo ndizo zilizotoa onyo la kwanza. Mwaka 1914 mtaalamu wa wadudu A. L. Melander, wa jimbo la Washington, aliuliza katika makala yake kama wadudu wanaweza kuzoea dawa, kwani alikuwa ameona wadudu gamba wa sehemu moja wakinusurika kipimo cha chokaa na salfa ambacho mahali pengine kiliwaua bila shida. Hali hiyo leo huitwa usugu: katika kundi kubwa la wadudu wapo wachache ambao maumbile yao huwakinga na sumu, nao ndio wanaobaki kuzaa wenzao wanapokufa. Onyo la pili lilitoka kwa walaji, kwani mwaka 1925 wakaguzi wa Uingereza walikuta aseniki juu ya matofaa yaliyoagizwa kutoka Marekani, magazeti yakapiga kelele, na wenye bustani wakalazimika kuosha matunda yao kwa maji ya asidi kabla ya kuyapakia melini. Kwa hiyo, kufikia mwisho wa miaka ya 1920, mtu aliyetaka kujua kunyunyizia ni nini, faida yake na gharama yake, angeweza kuyasoma yote katika taarifa za matofaa.

Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi mwaka 1966, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka ambao reli kutoka kusini ilifika, chini ya uongozi wa Émile Wangermée na kwa ajili ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Wadudu walioutisha utawala mpya hawakuwa wa mazao. Mbung'o, anayeeneza malale na kuua ng'ombe, alikuwa amezifunga njia nyingi za Katanga zisipitwe na mikokoteni, na ndiyo sababu kati ya 1910 na 1912 ilitumwa misheni ya kisayansi iliyokuwa na daktari Jérôme Rodhain na mtaalamu wa wadudu Joseph Bequaert kuuchunguza ugonjwa huo. Mbu alileta malaria, nzi wakaleta kuhara, na vibarua walioletwa kutoka mbali walikufa kwa wingi katika kambi zao. Madaktari A. Pearson na René Mouchet, waliowahudumia wafanyakazi wa migodi, walichapisha mwaka 1923 kitabu cha usafi wa makambi ya Waafrika kilichotokana na uzoefu wa Katanga, kikieleza vyoo, taka, maji, na umbali wa nyumba kutoka nyumba kwa undani wa mtu anayehesabu hasara.

Jibu la kwanza la mji dhidi ya mbu lilikuwa ramani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 makazi ya Waafrika yaliyokuwa karibu na mitaa ya Wazungu yalihamishwa kusini na kuwa mtaa wa Albert, ambao leo ni Kamalondo, na kati ya sehemu hizo mbili likaachwa eneo tupu ambalo upana wake hutajwa kuwa kati ya mita 500 na 700. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya kitabibu, kwamba mbu aliyemwuma Mwafrika mwenye vimelea vya malaria asingeweza kuruka umbali huo akamfikie Mzungu aliyelala. Kwamba hoja hiyo iliwafaa pia waliotaka kutenganisha watu kwa sababu nyingine ni jambo ambalo halihitaji darubini kulitambua, na mbu wenyewe hawakuiheshimu sana, kwa sababu Anopheles gambiae, mwenezaji mkuu wa malaria, huzaliana katika vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua, na vidimbwi vya namna hiyo vilikuwa pande zote mbili: kwenye mashimo ya udongo wa matofali, kando ya reli, katika nyayo za watu baada ya mvua.

Jibu la pili lilikuwa mikono ya watu. Imehifadhiwa picha ya mwaka 1929 inayoonyesha wanaume wawili na lundo la nzi waliokufa, ushahidi wa kampeni ambayo kila mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 kwa siku ndipo apewe posho yake ya chakula. Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliirudisha picha hiyo mbele ya macho ya watu mwaka 2013 katika kazi yake kuhusu mpango wa mji, akaiweka pamoja na picha za lile eneo tupu zilizopigwa kutoka angani na visanduku vya wadudu waliochomwa pini. Kwa mwanahistoria wa unyunyiziaji, nzi hao 50 ni kipimo kizuri cha hali ya ufundi wa wakati ule, kwani wakati mkulima wa matofaa alikuwa na injini ya petroli inayosukuma dawa hadi kilele cha mti, kampuni tajiri kuliko zote Katanga ilikuwa inaua nzi mmoja mmoja kwa kumshikilia mtu chakula chake.

Hata hivyo bomba lilikuwa njiani. Mwaka 1921 watafiti wawili wa Marekani, Barber na Hayne, walionyesha kwamba kijani cha Paris, sumu ile ile ya bustani, kikichanganywa na vumbi la kawaida kwa kiasi cha sehemu moja kwa mia na kurushwa juu ya maji, huwaua viluwiluwi wa Anopheles, kwa sababu viluwiluwi hao hula wakiwa wamelala sambamba na uso wa maji na kumeza chochote kinachoelea. Zaidi ya hapo kulikuwa na mafuta mazito ya petroli, yaliyokwisha kutumika katika ujenzi wa mfereji wa Panama, ambayo hutandaza utando juu ya dimbwi na kuwanyima viluwiluwi hewa. Upande wa pili wa mpaka, katika Zambia ya leo, kwenye mgodi wa shaba wa Roan Antelope huko Luanshya, Malcolm Watson na wenzake walianza mwaka 1929 kazi iliyokuja kuwa mfano kwa ukanda mzima wa shaba: mito ilisafishwa na kunyooshwa, mabwawa yakakaushwa, na maji yasiyoweza kukaushwa yakapigwa mafuta. Mtu aliyebeba bomba la mafuta mgongoni, akifuata ukingo wa kinamasi juma baada ya juma, alikuwa anafanya kazi ile ile ya mkulima wa matofaa, naye alilazimika kurudi kila mara kabla viluwiluwi hawajapata mbawa.

Katika nyumba zenye uwezo kulikuwa na bomba jingine, dogo, la bati, lenye kijitungi mbele na mpini wa kusukuma nyuma. Dawa yake ilikuwa mafuta ya taa yaliyolowekewa pareto, ua jeupe la jamii ya krisanthemamu ambalo sumu yake humwangusha mdudu kwa sekunde chache lakini huharibika upesi kwa mwanga. Pareto ilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ikapandwa pia katika nyanda za juu za Kivu, na vita vya dunia vya pili vilipoikata Japani, iliyokuwa mzalishaji mkuu, milima ya Afrika ya Mashariki ikajikuta inalisha majeshi. Pareto ilikuwa dawa ya Kiafrika kwa kilimo chake pekee. Dawa iliyokuwa ya watu wa Katanga wenyewe ilikuwa utupa, kichaka chenye maua ya zambarau au meupe ambacho Wabemba hukiita ububa, na ambacho majani yake hupondwa na kutiwa mtoni ili samaki walewe. Kemia imekuja kueleza kwamba majani hayo yana rotenoni, sumu ambayo wenye bustani za matunda wa Ulaya na Marekani waliinunua kwa jina la derisi, kutoka mimea ya Asia, huku utupa ukiota pasipo kununuliwa kando ya vijiji vya Katanga.

Kipindi ambacho Élisabethville ilichangia elimu ya dunia, badala ya kuipokea, kilianza kutokana na swali la kawaida kabisa la mtu anayetaka kupiga dawa, yaani ni mbu yupi anayestahili kupigwa. Daktari Ignace Vincke, aliyeshughulikia malaria katika Katanga ya juu, aliwakamata mbu na kuwapasua chini ya darubini, mmoja mmoja, akitafuta katika tezi za mate vile vijiuzi vyembamba ambavyo ni hatua ya kimelea cha malaria iliyo tayari kuingizwa katika damu. Mwaka 1943, miongoni mwa mbu wa Kisanga, karibu na mji, alivikuta vijiuzi hivyo katika Anopheles dureni, mbu wa misitu myembamba inayofuata kingo za mito. Jambo hilo lilikuwa kitendawili, kwa sababu mbu huyo hakuwa na desturi ya kuingia nyumbani kuuma watu, na damu iliyokuwa tumboni mwake ilionyesha kwamba mlo wake ulikuwa panya.

Ilichukua miaka mitano kukitegua. Mwaka 1948 Vincke na mwenzake Marcel Lips walikipata kimelea chenyewe katika damu ya panya wa msituni, aliyeitwa wakati huo Thamnomys surdaster, wakakipa jina la Plasmodium berghei kwa heshima ya profesa Louis van den Berghe. Kabla ya hapo watafiti wa malaria walitegemea zaidi ndege au nyani, wanyama ambao ama malaria yao hutofautiana sana na ya binadamu ama ni ghali kuwafuga; sasa walipata malaria inayoweza kuishi katika panya mweupe wa maabara, na kwa muda mfupi kimelea cha Kisanga kikasambaa kwenye vyuo na viwanda vya dawa vya mabara yote. Mwaka 1952 Rodhain alikiita kimelea kingine cha panya wa Katanga Plasmodium vinckei. Mtu anaweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba kingo za kijito kimoja cha Katanga zimetajwa katika maabara nyingi kuliko migodi yote iliyokuwa ikiuzunguka mji huo.

Wakati Vincke anapasua mbu wa Kisanga, dawa mpya ilikuwa inatoka Uswisi. Paul Müller, mkemia wa kampuni ya Geigy mjini Basel, aligundua mwaka 1939 kwamba DDT huua wadudu kwa kuguswa tu, na majaribio ya kwanza mashambani yalifanywa dhidi ya mbawakawa wa viazi, adui yule yule aliyekipa kijani cha Paris umaarufu wake. Ubora wa DDT haukuwa wepesi wa kuua, kwani pareto huua upesi zaidi. Ubora wake ulikuwa kudumu. Ukuta uliopigwa leo ungeendelea kuua miezi kadhaa baadaye, na hilo liligeuza kabisa fikra ya mahali pa kumtafuta mbu. Badala ya kumfuata kwenye maelfu ya vidimbwi, aliachwa aje mwenyewe, kwa kuwa Anopheles aliyekwisha kunywa damu huwa mzito, hutua ukutani ndani ya nyumba ili ayeyushe mlo wake, na hapo hugusa sumu kwa miguu. Müller alipata tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1948, na katika miaka hiyo DDT ilienea katika miji na kambi za kazi za Kongo ya Kibelgiji.

Kazi ya kupiga ukuta inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu inadhaniwa kuwa rahisi. Vyombo hutolewa nje au husogezwa katikati ya chumba na kufunikwa, chakula huondolewa, moto huzimwa. Unga wa dawa huchanganywa na maji katika tanki la chuma, tanki hufungwa na kujazwa hewa kwa pampu ya mkono, kisha mpigaji husimama akiielekeza ncha ya mrija kwenye ukuta, umbali wa sentimita 45, na kushuka na kupanda kwa mwendo usiobadilika, kila mstari ukiwa na upana wa sentimita 75 na kuulalia mstari uliotangulia kwa sentimita 5. Lengo la DDT lilikuwa gramu 2 kwa kila mita ya mraba. Akienda haraka, mbu atatua bila kudhurika. Akienda polepole, dawa itachuruzika hadi sakafuni na kupotea. Ukuta wa tofali la udongo lisilopakwa lipu huinywa dawa na kuificha ndani, ilhali ukuta uliopakwa lipu na chokaa huiacha juu, kwa hiyo chumba cha kambi ya kampuni na chumba cha mtaa uliojengwa kwa nguvu za mwenyewe havikupata kinga sawa hata vilipopigwa siku moja na bomba moja. Baada ya wiki chache kilichobaki machoni pa mwenye nyumba ni madoa meupe, harufu, na mara nyingine kunguni waliochangamka kuliko kwanza.

Kilichofuata kilikuwa kimekwisha kutokea penye matofaa. Huko bustanini DDT ilipokelewa kwa shangwe baada ya vita, nondo wa matofaa akapungua ghafla, na miti ikaanza kugeuka rangi ya shaba kwa sababu nyingine: utitiri mwekundu, kidudu kidogo kinachonyonya majani, uliongezeka bila kipimo kwani DDT ilikuwa imewaua wadudu waliokuwa wakiula. A. D. Pickett, aliyefanya kazi katika bonde la Annapolis huko Nova Scotia, Kanada, tangu miaka ya 1940 alikuwa akiwaonyesha wenye bustani kwamba dawa chache, za namna isiyoua kila kitu na zilizopigwa kwa wakati wake, huwaacha hai maadui wa wadudu na kugharimu kidogo, lakini wauzaji wa dawa walikuwa na sauti kubwa kuliko yake. Katika miaka ya 1950 nondo mwenyewe akawa sugu. Kwa upande wa mbu, usugu wa Anopheles gambiae dhidi ya dielidrini, ndugu wa DDT, ulitambuliwa kaskazini mwa Nigeria mwaka 1955, mwaka ule ule ambao Shirika la Afya Duniani lilitangaza kampeni ya kuifuta malaria duniani, kampeni ambayo sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki haikuingizwa ndani yake. Swali aliloliuliza Melander mwaka 1914 lilikuwa limejibiwa mara nyingi. Ni vigumu kuona lilisomwa na nani miongoni mwa waliopanga kupiga dawa barani Afrika.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, kujitenga kwa Katanga hadi Januari 1963, na Union Minière kutaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuwa Gécamines, bomba la dawa lilibaki kuwa sehemu ya ile hali ambayo wafanyakazi waliieleza kwa kusema kwamba kampuni ni baba na mama: nyumba, posho, hospitali, shule, usafi wa kambi, vyote vilitoka mlango mmoja. Mlango huo ulipoanza kufungwa, hasa baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na uzalishaji wa shaba kuanguka, vilifungwa vyote pamoja, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuacha kazi kwa hiari. Familia nyingi za Lubumbashi zilikuwa zimekwisha kurudi kwenye jembe. Wakati wa kiangazi kingo za mito ya Lubumbashi na Kafubu zilijaa matuta ya kabichi na lengalenga, na wakati wa mvua, kuanzia Novemba, mahindi yalizunguka mji. Bomba likahama mgongo, kutoka kwa mwajiriwa wa idara ya usafi hadi kwa mkulima aliyelinunua au kulikodi mwenyewe. Tanki sasa ni la plastiki, lakini mkono wa kusukuma uko pale pale alipouweka fundi wa Kifaransa wa karne ya 19.

Mdudu aliyelijaribu bomba hilo kuliko wote alivuka bahari. Viwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, wenyeji wa Amerika, waliripotiwa Afrika Magharibi mwanzoni mwa mwaka 2016, na kufikia msimu wa mvua wa 2016–2017 walikuwa katika mahindi ya Kongo na Zambia. Kiwavi huyu hutambulika kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Akiwa mdogo hukwangua jani. Akikua kidogo tu hushuka ndani ya bomba la majani machanga katikati ya mhindi na kujifunika kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa msumeno, kisha hula kuanzia jioni hadi asubuhi. Mkulima anayepiga dawa saa nane mchana, akitembea haraka na kuipeperusha ncha ya bomba huku na huku juu ya majani, amefanya kosa lile lile la mkulima wa Marekani aliyenyunyizia tofaa ambalo kikombe chake kimekwisha kufunga.

Katanga ina ugumu mmoja wa ziada ambao bustani za matofaa hazikuwa nao, na ni ugumu wenye neema. Kiwavi hapa si adui kwa jina lake. Viwavi wa misitu ya miombo, waliokaushwa, ni kitoweo kinachopimwa kwa kopo katika masoko ya Lubumbashi, nao kumbikumbi wanaoruka mvua za kwanza zinaponyesha, kutoka vichuguu vikubwa ambavyo udongo wake hufyatuliwa matofali, hukusanywa na watoto na watu wazima bila kuambiwa. Shamba la mahindi lililopakana na msitu wa viwavi wa kuliwa likipigwa dawa siku ya upepo, hasara ya jirani haimo katika maelezo yaliyoandikwa kwenye chupa.

Kwenye nyumba, unyunyiziaji wa ukutani ulirudi ulikotoka, yaani migodini. Ng'ambo ya mpaka, makampuni ya shaba ya Zambia yaliufufua kuanzia mwaka 2000, na huko Fungurume, kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, kampuni ya Tenke Fungurume ilianzisha mpango wa kupiga kuta za nyumba za eneo lake mwishoni mwa muongo huo. Katika Lubumbashi yenyewe kinga kuu ya familia ni chandarua chenye dawa, ambayo ni ya jamii ya pairethroidi, yaani pareto iliyoigwa na kuimarishwa kiwandani isiharibike kwa mwanga. Na dawa za jamii hiyo ndizo nyingi katika chupa zinazouzwa kwa ajili ya kabichi na nyanya. Mbu anayezaliwa katika mfereji wa bustani ya mboga huoga basi, tangu akiwa kiluwiluwi, katika mabaki ya dawa ya jamii moja na ile itakayomngoja kwenye chandarua. Usugu wa Anopheles gambiae dhidi ya pairethroidi umekwisha kuthibitishwa katika Kongo, na vyandarua vipya huongezwa kemikali ya pili kwa sababu hiyo.

Matofaa mengi yanayoliwa Lubumbashi hutoka Afrika Kusini, yakipita mpakani Kasumbalesa kwa malori, na katika nchi yanakotoka sehemu ya bustani haimwindi tena nondo kwa tone la sumu pekee: hutundikwa mitini vijiti vyenye harufu ya nondo jike, harufu ikatanda bustani nzima, na dume akashindwa kujua aende wapi. Mkulima wa mahindi wa pembezoni mwa mji, asiye na vijiti hivyo na mara nyingine asiye na fedha ya chupa, huenda shambani jua linapopungua akiwa na bakuli la majivu yaliyochanganywa na mchanga, akatia ncha za vidole vitatu na kuudondosha mchanganyiko huo katikati ya kila mhindi, shina moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa mstari.